Sisimizi wa Hawe na Maziwa ya Mama

Nilipokuwa mtoto pale Gede, hakuna aliyenishinda kukamata sisimizi. Waliokuwa wakibisha wote wamekwisha kufa. Kazi hiyo nilipewa na bibi yangu, tuliyemwita Hawe. Aliamini kuwa maziwa ya mama yakiharibika, sisimizi huyajua kabla ya binadamu.

Mdogo wangu Kadzo alikuwa bado mchanga mama aliposhikwa na kikohozi cha kuvunja mbavu. Akanunua dukani chupa ya dawa nyekundu, tamu kama sharubati. Kikohozi kikatulia. Lakini na Kadzo naye akatulia: hanyonyi, halii, ukimfinya unyayo anafumbua jicho moja kisha analifumba.

"Nyuni huyo kampitia," jirani akasema, yaani yule ndege wa pepo ashikaye watoto wachanga. "Mtafutieni hirizi."

"Ndege angoje kwanza," Hawe akajibu. "We Mbeyu, hebu lete wadudu wako."

Mama akakamulia tone kwenye jani la mgomba. Nikawamwaga sisimizi kutoka kichupani mwangu. Wakalizunguka tone, wakanywa, wakalala chali. Naapa, walikoroma!

Hawe akamgeukia mama. "Mkaza mwanangu, umekunywa nini?"

"Dawa ya kikohozi tu, mama."

"Basi na mtoto kainywa. Inuka twende zahanati, na chupa yako hiyo."

Muuguzi hakutaka habari za sisimizi wangu, ingawa nilimweleza mara mbili. Aliisoma chupa, akasikiliza pumzi za Kadzo, uso ukambadilika. "Hii ina kitu cha kulaza, nacho hupita kwenye maziwa. Mngechelewa, angesahau kupumua. Mama, ukiwa na mimba au unanyonyesha, sema kwanza ndipo upewe dawa."

Pale zahanati walikaa na Kadzo wakimwangalia hadi alipolia. Taarabu gani itafikia utamu wa kilio kile?

Leo najua sisimizi hawapimi dawa. Pengine walikwisha kukosa hewa mle kichupani. Lakini nawashukuru, na Hawe namshukuru zaidi, kwa kuwa imani yake ilimfanya aulize swali ambalo sisi wengine hatukuliwaza.

Juzi binti yangu mjamzito alianza kukohoa. Kabla hajafungua chupa yoyote, nikamshika mkono hadi kwa daktari. Kadzo akafuatana nasi, akinipigia kelele njia nzima kwamba najifanya mganga.

Sikumnyamazisha.