Kura ya Baba

Harufu ya wino wa mhuri katika ofisi ya walinzi hapa West Bay, ughaibuni ninakofanya kazi, hunirudisha kisiwani kwetu, siku ya kuchagua wabunge. Baba alikuwa amezama baharini na mwili haukuonekana. Mama alikuwa edani, akatoka kwenda kupiga kura tu, nami nimemshika buibui.

Karani alipitisha rula kwenye daftari.

“Mumeo kaamka mapema kuliko wewe, dada. Ameshapiga.”

Kando ya jina la baba palikuwa na alama ya dole gumba, wino bado mbichi.

Nyumbani mama alivua nguo nyeupe za eda, akajifunga kanga nyekundu, akapakua sahani moja zaidi.

“Wifi, eda haijaisha!” shangazi akamaka.

“Eda ya nani?” mama aliuliza, akiutazama mlango.