Mabua Yanayopanda Mlimani

Mwezi wa nane, ukikaa njia panda ya Himo kama ninavyokaa mimi na cherehani yangu, utayaona mabua yakipanda mlimani. Pikapu zinapita zimebebeshwa mabua ya mahindi hadi hujui kama kuna gari chini yake. Kuna bodaboda zenye mizigo mipana inayomaliza barabara, na kuna akina mama waliojitwika. Mabua hayo yanatoka mashamba ya porini, kule tambarare, na yanakwenda kwa ng'ombe waliofungwa mabandani huko juu kwenye migomba. Sisi Wachagga hatuoni ajabu yoyote. Ng'ombe wa mlimani hatoki nje kwenda kutafuta chakula, chakula ndicho kinachomfuata. Nimeshona sare za shule nikiutazama msafara huo miaka mingi, na kitu kimoja tu kimekuwa kikinikera: kwamba magari hayo yakirudi chini, yanashuka matupu.

Kwetu tuna ardhi mbili. Ya kwanza ni kihamba, huko juu, ile bustani ya migomba na kahawa inayozunguka nyumba, ambamo wazee wetu wamezikwa. Kihamba kina kivuli mchana kutwa, na udongo wake ni mweusi, unauchimba hata kwa kidole. Ya pili ni shamba la porini, chini ya Himo, tunakolima mahindi na maharage. Kihamba ni cha mtoto wa kiume wa mwisho, ndivyo mila inavyotaka, kwa hiyo ni cha mdogo wangu, anayeishi pale na mama. Mimi nilirudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika. Baba, kabla hajafariki, alituita mbele ya baba zetu wadogo akasema shamba la porini ni langu. Hakuna aliyepinga hata kwa kukohoa. Nilidhani ni mapenzi. Baadaye nilielewa kwamba hakuna aliyekuwa analitaka.

Baba alisema alipolipata lilikuwa na migunga mingi, na ndege, na nyasi za kufika kiunoni. Mimi niliikuta migunga michache tu. Mingine ilikatwa kwa sababu trekta halitaki kuzungukazunguka, na magogo yake yakawa mkaa. Trekta lilikuja kila mwaka, likalima kina kilekile, mpaka chini ya ule udongo laini pakawa pagumu kama sakafu. Tukishavuna, tunakata mabua. Tukimaliza mabua, tunazoa maganda ya maharage. Kisha tunarudi kuchimbua mashina ya mahindi kwa ajili ya kuni. Kilichosalia kilimalizwa na mbuzi na ng'ombe wa wafugaji waliokuwa wakipita kwenda kutafuta maji. Ikifika mwezi wa tisa shamba liko uchi, upepo unavuma kutoka upande wa Taveta na kuliinua vumbi jekundu hadi tunafunga madirisha.

Masika ikija, maji hayazami. Yanapiga juu ya ile sakafu na kukimbilia upande wa chini wa shamba, na huko yamechimba korongo ambalo mtu mzima akisimama ndani humwoni. Upande huo wa chini ndio ulioanza kufa. Kwanza mahindi yalikuwa mafupi. Halafu yakazaa magunzi matupu. Halafu hayakuota kabisa, na mwishowe hata magugu yakakataa. Mimi ambaye nimeyalaani magugu tangu utoto, siku niliyoona hayapo niliogopa kwelikweli. Pale chini hapakuwa na kitu ila ardhi nyeupe, iliyopasuka, inayong'aa jua likiwaka.

Watu husema jangwa linakuja, kana kwamba ni mgeni aliyepanda basi huko kaskazini na sisi tunamsubiri stendi. Maneno hayo yananiudhi. Mvua zimebadilika, sikatai, siku hizi zinachelewa na zikija zinakuja kwa hasira. Lakini jangwa la shambani kwangu halikutoka popote. Tulilitengeneza wenyewe, kwa shoka, kwa trekta, na kwa kamba za kufungia mabua. Na tulikuwa watu wazuri, wachapa kazi, tusiokosa kanisani.

Nilikwenda kwa bibi shamba, afisa kilimo wa kata yetu, mama mmoja mpole asiyependa kuketi ofisini, nikamwomba aje alione. Alilizunguka lote kwa miguu. Kisha akaanza kunielekeza, na mimi nikafanya. Nilikataa trekta. Nilichimba matuta ya kukinga maji, yaliyokatiza mteremko, nikapanda matete juu yake. Katikati ya mahindi nikaweka mbaazi na ngwara, aina ya maharage ambayo hutambaa na kuifunika ardhi. Akanionyesha pia kwamba mizizi ya migunga ya baba ilikuwa bado hai chini ya ardhi, kila mwaka ilikuwa inachipua na kila mwaka tunaifyeka. Nikaacha machipukizi, nikawa napunguza yaliyo dhaifu na kuyabakiza yenye nguvu. Sikununua hata mche mmoja. Ile migunga ilikuwa inatusubiri tu tuache kuisumbua.

Halafu akasema neno la mwisho: mabua yabaki shambani, yalale juu ya udongo hadi mvua ije. Hapo nikacheka. Nilimwambia mengine yote nimeyaweza, lakini yeye hamjui mama yangu.

Nilipanda mlimani Jumapili, baada ya ibada. Mama nilimkuta bandani akimkatia ng'ombe vigogo vya migomba kwa panga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Za porini?"

"Porini pakavu. Nimekuja kukwambia kuhusu mabua. Mwaka huu nayaacha shambani, yafunike udongo."

"Udongo nao siku hizi unasikia baridi?"

"Unasikia jua, mama."

Aliendelea kukata. "Na huyu ale nini? Nimpe mchanga wako?" Akampapasa ng'ombe shingoni. "Huyu, na mama yake, na bibi yake, ndio waliowalea. Bila yeye hakuna mbolea. Bila mbolea hakuna mgomba. Kihamba kikikauka, nitamwambia nini baba yenu, naye amelala palepale?"

"Kihamba hakijakauka. Kinachokauka ni changu. Kila mwaka tunachukua kwangu tunaleta kwa mwanao, na hakuna hata ndoo moja ya mbolea iliyowahi kushuka."

Mama aliliweka panga chini. "Kwa mwanangu," alisema. "Na wewe ni mwana wa nani?"

"Hilo ndilo ninalokuuliza, mama."

Aliliokota panga akaendelea kukata. Nilipoondoka hakunisindikiza hata hadi kwenye ua wa masale wa mpakani, na mama yangu humsindikiza hata muuza sabuni. Nilishuka nikilia, nina hasira na nina huruma, sijui kipi kilikuwa kikubwa.

Pikapu ya mdogo wangu ilipokuja kuchukua mabua niliirudisha tupu. Jioni alinipigia simu. "Dada, mama akose maziwa kwa sababu ya vumbi lako?" Nilimwambia vumbi hilo ndilo urithi wangu, kama anataka tubadilishane aseme. Akakata simu. Kiangazi chote nilisikia habari za mama kwa watu: ameonekana bondeni mtoni akikata majani, ameonekana akiomba majani ya migomba kwa jirani, ng'ombe amekonda. Kila mteja wa kutoka juu alikuja na habari yake, na mimi nikawa nashona na kufumua. Mama mwenye magoti mabovu anateremka bondeni kwa sababu yangu. Mara kadhaa nilikaribia kupiga simu niseme njooni mchukue. Kisha nakwenda shambani, nafunua mabua, naona udongo chini yake una unyevu na mchwa wanafanya kazi yao, nayafunika tena na kurudi Himo bila kupiga.

Vuli ilipokuwa karibu, pikapu ya kukodi ilisimama mbele ya kibanda changu. Mama alikuwa ameketi mbele na dereva, amevaa viatu vya mvua, kanga ameifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kulima. Nyuma kulikuwa na magunia na sururu mbili.

"Panda twende," alisema.

Nilimwamkia, akaitikia, nikachukua jembe na mbegu za ngwara za vuli, nikaingia. Harufu ya magunia ilinieleza yaliyomo.

Mama alikuwa hajakanyaga porini tangu magoti yalipoanza kumsumbua. Miaka yote hiyo shamba alilijua kwa mabua yanayomfikia nyumbani, na mabua yalimfikia, kwa hiyo alidhani shamba lipo. Alishuka, akaanza kutembea polepole. Kwenye sehemu ya juu aliinama, akasukuma mabua kwa mkono, akauminya udongo wa chini yake, akanusa. Akaendelea kuteremka hadi mabua yalipokoma, kwa kuwa pale mwisho hapakuwa na mabua ya kubakiza. Akachukua jembe mikononi mwangu na kuligonga chini. Lililia kama limepiga saruji. Akagonga tena, hatua chache mbele, na tena, mpaka ukingoni mwa korongo.

"Hapa palikuwa na mgunga," alisema. "Baba yako alikuwa anapumzika chini yake, mimi namletea uji."

"Ndiyo, mama."

"Nani amefanya hivi?"

Nililitazama korongo.

"Nakuuliza."

"Sisi, mama."

"Si ninyi," alisema. "Ninyi mlikuwa mnatumwa."

Simu yake ililia. Mama husikiliza simu kwa sauti kubwa kwa sababu ya masikio, kwa hiyo mimi na dereva tulimsikia mdogo wangu vizuri. Alikuwa amekuta shimo la mbolea limechimbwa. Aliuliza mbolea ya kihamba imekwenda wapi, migomba itawekewa nini.

"Mbolea ya kihamba iko kihambani," mama alimjibu. "Hii ni mabua ya dada yako. Nimeyarudisha."

Akaiweka simu mfukoni, akaniuliza tuanzie wapi. Nilimwonyesha sehemu ya juu, ambako udongo bado una uhai, kwa sababu bibi shamba alishaniambia mbolea kidogo iwekwe inakoweza kusaidia. Mama alitikisa kichwa.

"Tuanze pale nilipopamaliza."

"Pale hapatazaa, mama. Labda miaka mingi ijayo."

"Sikukuuliza patazaa lini."

Tukachimba mashimo ya kupandia, mimi na dereva, kwa sururu, maana jembe lilikuwa linaruka. Mama alitufuata na ndoo, anatia mbolea kwa mikono yake mitupu, anaifukia, anaweka mbegu za ngwara juu yake. Magunia yalikwisha kabla hatujafika mbali. Ukisimama ukatazama, ile sehemu tuliyoigusa ilikuwa kitu kidogo sana katikati ya ule weupe. Mama naye aliona.

"Haitoshi," alisema.

"Haitoshi, mama."

Tangu hapo tumepatana namna ya kuishi. Bua tunalikata katikati: nusu ya juu yenye majani inapanda kwa ng'ombe, nusu ya chini inabaki kulala shambani. Matete ya kwenye matuta yamenenepa, nayo yanapanda. Ng'ombe sasa ni mmoja tu, ndama wake aliuzwa, na gari likishuka kutoka mlimani linashuka na magunia. Mdogo wangu hulalamika, lakini huyapakia. Majirani wa porini wananicheka kwamba nalima takataka. Wawili kati yao wameanza kuacha machipukizi ya migunga yao, na nimekaa kimya nisije nikawatia aibu wakaacha.

Vuli ile ya kwanza ngwara haikuota pale mwisho. Masika iliyofuata nilipanda tena, ikachungulia kwenye mashimo machache, ikanyauka. Mama alikuwa akinipigia simu na kuniuliza kabla hata sijamaliza shikamoo, na mimi nikimjibu bado. Sikumdanganya hata mara moja, ingawa nilitamani.

Kisha, baada ya mvua nyingine, nilimpigia mimi nikamwambia aje.

Alikuja na fimbo. Tulishuka pamoja hadi pale mwisho. Ngwara ilikuwa imeshika, dhaifu lakini imeshika, na kando ya shimo moja, mahali ambapo hatukupanda kitu, yalikuwa yameota majani. Nyasi za kawaida tu, kishada kimoja, kijani kibichi. Mama alichuchumaa kwa taabu. Mkono wake wa kushoto ukakishika kile kishada kwa chini, ukakikusanya vizuri, na wa kulia ukaenda kiunoni kutafuta mundu. Ndivyo anavyofanya mwanamke wa mlimani akiona majani, popote, maisha yake yote, hayapiti. Mundu ulikuwepo. Aliuchomoa nusu.

Alikaa hivyo kwa muda, amekishika. Kisha akaurudisha mundu kiunoni, akafungua vidole kimoja kimoja, na akayanyoosha yale majani yaliyokuwa yamelala.

"Kaa hapo," alikiambia kishada. Halafu akaniomba mkono nimwinue.