Sauti ya Bibi Sungura

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, Bi. Kulwa Masanja Ng'wandu alituonyesha katuni yake ya kwanza ya watoto katika duka la kompyuta hapa Bariadi. Bibi sungura alisema kwa sauti ya marehemu mama yake Kulwa, iliyorekodiwa kijijini Kasoli mama huyo alipokuwa mgonjwa.

"Dada, tafuta sauti nyingine," mwenye duka alishauri. "Watoto wa Dar hawajui Kisukuma."

Sungura akaamkia, "Mwangaluka." Binti mdogo wa Kulwa akapiga magoti mbele ya kompyuta.

"Mwangaluka, bibi." Akasubiri. "Mama, mbona leo haniulizi nimekula nini?"

Kulwa akalia.

Mjini wanasema alilizwa na mwenye duka aliyeikataa katuni. Sivyo. Mwenye duka ndiye aliyemwambia taratibu, "Dada, sauti hiyo usiiguse."