Kidaka cha Mwana Shali

Shemeji yangu Abdulhafidh akija kwangu hagongi mlango, hugonga ukuta. Hupiga kwa kifundo cha kidole mara mbili tatu, akatega sikio kama daktari, kisha akasikitika.

"Shemeji, hii si nyumba. Hii ni kadibodi iliyopakwa rangi."

Nami humjibu kwamba kadibodi hiyo ndiyo inayomsitiri yeye na mkewe na bintiye, tena ina kipoza hewa, kitu ambacho majumba yake ya mawe hayakuwahi kukiota. Tunakaa jengo moja hapa Lewisville: yeye na mdogo wangu Badria juu, mimi chini yao. Nasikia mpaka wakikohoa. Kwa hiyo nikimsema, namsema mtu ninayemjua.

Kazi yake ni kuendesha gari la wagonjwa wa figo. Asubuhi huwachukua majumbani kwao, akawapeleka Plano kusafishwa damu, akawangoja, akawarudisha. Lakini muulize mtu yeyote wa pwani anayeishi kati ya hapa na Houston kwamba Abdulhafidh ni nani, hatakwambia dereva. Atakwambia, "Aa, yule wa magofu!"

Miaka kumi na saba alitunza magofu ya Kiwambale, mji wa mawe uliohamwa zamani mno, ukabaki kuta na makaburi, msikiti usio na paa, na nyumba moja kubwa ambayo mwenyewe hajulikani. Serikali ikauzungushia ua, ikauita turathi ya taifa, ikamweka Abdulhafidh na ufagio wa chelewa. Wako wanaodhani ile ni kazi ya kukaa kivulini na kupokea mshahara. Mti ukiota juu ya ukuta wa kale, ukiung'oa kwa pupa unatoka na jiwe lake. Yeye aliukata kidogo kidogo, mwezi huu tawi, mwezi ujao shina, mpaka mizizi ikafia humo humo ndani bila kudondosha kokoto. Ufa aliuziba kwa chokaa, kamwe si kwa saruji, maana saruji, asema, hulinyima jiwe pumzi. Na mtu akikalia kaburi alimwinua: kwa adabu akiwa mgeni, bila adabu akiwa wa kwetu.

Kosa lake lilikuwa moja, na alilifanya mwaka wa kwanza tu alipopewa kuwatembeza wageni.

Ndani ya ile nyumba kubwa, karibu na mlango, kuna kidaka. Nyumba zetu za zamani zimejaa vidaka, vile vijidirisha visivyotokea upande wa pili, vya kuwekea vyombo na misahafu. Ila hiki kiko peke yake, chini kabisa, kimo cha goti, na sakafu yake imelika katikati. Mabwana waliochimba pale waliandika katika karatasi zao kwamba matumizi yake hayajulikani. Basi siku hiyo mama mmoja mgeni akauliza ni cha nini. Abdulhafidh alikwisha kusema "sijui" mara tatu tangu langoni, na ya nne ilimkwama kooni. Mdomo ukamtangulia.

Akasema palikuwa na mwanamke akiitwa Mwana Shali. Mwanawe wa pekee aliondoka asirudi. Kila siku mama akamwekea bakuli la chakula katika kidaka hiki, chini hapa, ili akija amechoka asihitaji hata kuinua mkono. Miaka na miaka lile bakuli likasugua chokaa mpaka ikalika.

Mgeni akalia. Na wenzake wakalia. Abdulhafidh naye, nusura.

Kisa hicho alikitoa wapi? Jikoni kwa mamake. Bi Mwanakombo, mamake, alikuwa akimwekea chakula katika kidaka cha mlango wa uani kila anapochelewa kazini, amekifunika kwa kawa, na ole wake atakayekigusa. Ndicho alichokiona Abdulhafidh kichwani alipobanwa na swali. Akampachika jina la Mwana Shali, akamrudisha nyuma miaka mia sita.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yake imekwenda miaka ishirini na miwili. Kisa kikaingia katika kijitabu cha wageni, kikapigwa kwenye kibao cha chuma, watoto wa shule wakakiigiza kwa mashuka ya mama zao. Halafu wakaja kina mama. Na pwani ile, nyumba gani haina mtoto aliyekwenda? Huyu yuko Doha, yule Ulaya, huyu Marekani hajapiga simu tangu Mfungo Mosi. Wakaanza kuja na mabakuli yao wakiyaweka kidakani. Wakapaka mafuta. Wakakwangua chokaa kidogo wakaifunga kitambaani waende nayo nyumbani.

Kisha Abdulhafidh mwenyewe akaja huku. Karatasi zake za ukaazi bado ziko kwa wakubwa, na mpaka zitoke hawezi kukanyaga kwao akategemea kurudi huku. Miaka sita sasa. Na tangu mwezi wa kwanza alipoondoka, Bi Mwanakombo hupika kila Ijumaa, akashika njia mpaka Kiwambale, akaweka bakuli la mwanawe katika kidaka cha Mwana Shali, akampelekea picha kwa simu.

"Mama, usijisumbue," alimwambia.

"Nimsumbukie nani, kama si wewe?"

Ukweli hakumwambia. Badria aliujua, naye akauficha. Mimi mwenye mdomo ndiye niliyefichwa.

Niliujua siku tulipokwenda Houston. Chama cha watu wa pwani kilikodi ukumbi mtaa wa Gulfton, na mgeni wa siku alikuwa Jannat, binti wa ofisi ya turathi aliyeletwa chuo kimoja cha huko kujifunza utunzaji wa mawe ya kale. Alikuwa amempigia Abdulhafidh: "Mzee, nitakupa nafasi usimulie kisa cha kidaka. Wewe ndiye chimbuko lake." Njia ni saa nne na ushei, na tangu Lewisville shemeji yangu hakusema neno. Mtu ambaye kwa kawaida huwezi kumnyamazisha hata kwa andazi la moto! Tulipopita Huntsville nikashindwa.

"Wewe umemeza nini?"

Badria akamwambia, "Mwambie. Wataambiwa wote leo, bora aanze yeye."

Akatwambia. Binti yao Yumna, miaka kumi na minne, akavua vile vidude vya masikio. "Baba, kwa hivyo uli-make up? Yote? Mimi nili-present hiyo story shuleni!"

"Nisamehe, mwanangu."

"Nilipata A!"

Nilicheka, siwezi kudanganya. Nilicheka mpaka nikamwona Badria ananitazama, ndipo nikakumbuka mabakuli ya Bi Mwanakombo, hesabu yake kila Ijumaa kwa miaka sita, na kicheko kikanikatikia.

Ukumbini watu walijaa, biriani ilikwisha kuliwa, watoto wanakimbizana kati ya viti. Jannat alikuwa msichana mwembamba, sauti ndogo, lakini hakuzungukazunguka. Aliwasha picha ukutani. Kidaka sikukitambua. Kilikuwa kimetanuka kama mdomo wa pango, cheusi kwa mafuta, pembeni kumekwanguliwa mpaka mawe yanaonekana. Picha ya pili ilionyesha ufa uliopanda kutoka hapo mpaka juu, unaoingia mkono.

"Mvua mbili zaidi, ukuta huu uko chini," alisema. "Tunataka kuweka kamba, tufunge miezi kadhaa tutengeneze. Lakini wako ofisini wanaosema hapana, hii ni mila ya watu, ya karne na karne, hatuna haki ya kuwazuia. Na kama ni mila kweli, mimi pia nitasema vivyo hivyo. Ndipo nikauliza: kabla ya Mzee Abdulhafidh, nani alikisimulia? Sijapata hata mtu mmoja. Mzee, uko hapa. Wewe ulikisikia kwa nani?"

Kabla hajainuka, bibi mmoja wa meza ya mbele alishadakia. "Swali gani hilo? Mwanangu alipotea Doha miezi minane, hatuna habari zake. Dadangu akaweka bakuli kwa Mwana Shali, na kesho yake simu ikalia! Ukitaka ushahidi, mimi hapa."

Watu wakapiga makofi. Abdulhafidh akasimama katikati ya makofi hayo. Nilimwona anamtazama yule bibi, kisha picha ya ufa, kisha bibi tena, na nikajua akisema "nilikisikia kwa wazee" watu watampigia vigelegele, na ukuta alioutunza miaka kumi na saba utaanguka.

"Sikukisikia kwa mtu," alisema. "Nilikitunga."

"Sema kwa nguvu!" mtu akapaza sauti nyuma.

"Nilikitunga! Mgeni aliuliza, mimi sikujua, nikaona haya. Hakuna Mwana Shali. Kile ni kidaka tu."

Watoto wakaacha kukimbizana. Kisha yule bibi akasema polepole, "Mwanamume mzima," na akageuza kiti chake akampa mgongo.

Jannat alikuja mezani kwetu baadaye, ameshika simu. "Mzee, naweza kukurekodi ukisema hivyo? Niwapelekee."

"Utanirekodi. Lakini nipe mpaka kesho. Kuna mtu lazima asikie kwangu kwanza."

Asubuhi iliyofuata nilipanda juu kwa Badria na birika la chai. Kwao ilikuwa alasiri. Abdulhafidh aliiweka simu mezani, spika wazi, mikono yake akaikalia.

"Mama, Mwana Shali hakuwapo. Nilimtunga mimi."

"Hakuwapo vipi? Kibao kimeandikwa."

"Niliwaambia mimi, ndipo wakaandika. Lile bakuli ni lako, Mama. La jikoni kwako. Ni wewe."

Tulisikia kuku wa uani kwake. Tulisikia mtu anapita anamsalimu, naye hamjibu. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Chakula alikuwa akila nani?"

Abdulhafidh akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekila. "Gichuki, Mama. Mlinzi. Kikikaa mle kinaleta nyani na siafu, na kutupa chakula ni dhambi."

"Yule wa bara? Ndiyo maana! Alikuja hapa kama ufito, sasa anabana langoni! Miaka sita, Abdulhafidh! Jua lile, magoti haya! Kuku wa kupaka nimempikia mlinzi!" Na sauti ikabadilika. "Ulikuwa unaziona picha. Kila Ijumaa unaziona, na unaniandikia 'ahsante, Mama.'"

"Ndiyo."

Akakata.

Maneno yalirekodiwa, yakapelekwa. Kamba ikafungwa Kiwambale, ukuta ukaegemezwa kwa nguzo, mafundi wakaanza kuyavua mawe moja moja na kuyatia namba ili kila moja lirudi mahali pake. Jannat alimletea picha hizo shemeji yangu, naye alizitazama kwa haraka akazifunga. Katika kundi la simu la watu wa pwani alitukanwa wiki nzima, na mengine, nitasema kweli, alistahili. Hayo aliyachukua. Lililomkausha ni kwamba Bi Mwanakombo hapokei simu. Siku tatu, siku tano, tisa. Ijumaa ikapita bila picha. Badria aliniambia mumewe alikaa na simu mkononi mpaka ikazima chaji.

Siku ya kumi alikuwa ananishusha kazini kwangu, nyumba ya wazee ninayofulia mashuka, gari likiwa tupu kabla hajawafuata wagonjwa wake. Tumesimama mlangoni, mkono wangu uko kwenye kitasa, simu ikalia katika spika za gari.

"Abdulhafidh." Hakuna salamu. "Huko unakula nini?"

"Chakula tu, Mama."

"Chakula tu ni nini? Hakina jina?"

Akanitazama. Nikamwashiria, sema.

"Mkate. Na samaki wa mkebe."

"Wa mkebe! Mchana?"

"Mchana. Badria hupika jioni, lakini mchana ninakuwa mbali, nawangoja wagonjwa."

"Unakula umekaa wapi?"

"Humu garini."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Bi Mwanakombo alivuta pumzi, nikajua matusi yanakuja, na yalistahili kuja. Hayakuja. "Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuniuliza, Mama."

"Niulize cha nini? Nilikuwa naweka bakuli. Najua mwanangu amekula." Nikamsikia akivuta kigoda. "Haya. Hao wagonjwa ni akina nani? Nianzie wa kwanza."

Abdulhafidh akazima injini. Akaanza na mzee mmoja anayetaka redio ya mahubiri na kulala papo hapo, akaja kwa mama wa Kikongo, Mado, ambaye kila akitoka mashineni huomba apitishwe dukani akanunue muhogo hata kama miguu haimbebi. Bi Mwanakombo akataka kujua muhogo wenyewe ni wa namna gani na unapikwaje. Mimi nilikuwa ningali nimeshika kitasa. Ningeweza kushuka, lakini mlango wa gari lile unalia kama mbuzi, na sikutaka uwakatize.

Nilichelewa dakika ishirini na tano. Msimamizi aliponiuliza sababu, nilimwambia foleni.