Jina Ambalo Restituta Hakulitaja

Restituta aliletwa Mugoma akiwa bibi harusi kutoka Kasulo. Kabla hajaonyeshwa jiko wala kisima, wifi zake walimketisha wakamfundisha kwamba jina la baba mkwe halitamkwi na mke wa nyumba hiyo, mzee akiwa hai au akiwa kaburini. Mzee aliitwa Celestini. Restituta akamwita Mwenye Mji, maana kwetu mji ni boma la familia, na mzee alipokufa akamwita Aliyetutangulia. Kwetu Wahangaza hiyo ilikuwa heshima ya mwanamke aliyeolewa. Sasa mabinti wanawaita wakwe zao kwa majina, tena kwenye simu, tena huku wanatafuna, na ukiwauliza wanakushangaa wewe.

Restituta hakubadilika. Mwenye duka pale njia panda naye anaitwa Celestini, na ni mtu wa utani.

"Mama, niite jina langu nikuongezee sukari."

"Mwenye duka, pima sukari ya watu."

"Jina tu! Kwani Padri alinibatiza bure?"

"Padri hakuolewa kwenye mji wetu. Pima."

Watu walicheka, naye akaondoka na sukari yake, uso mkavu kama aliokuja nao.

Mumewe alipofariki, ukoo haukumsumbua. Shemeji yake Venance, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, alisema mbele ya watu kwamba mwanamke anayetunza mdomo namna ile ni mtu wa mji huu, na migomba ni yake. Wakampa kiti. Ukoo ulipokutana alikaa pamoja na wazee wanaume, na ndiye aliyewasimulia vijana pori lilifyekwa na nani, mpaka ulikuwa wapi, nani alizikwa chini ya mgomba upi. Hakujaliwa mtoto. Kiti hicho ndicho alichokuwa nacho.

Ndipo akaja Jovina. Ni binti wa jirani, aliyekulia shule za bweni tangu mdogo, na sasa yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu. Chuo kilimtaka afanye utafiti, naye akachagua historia ya mashamba ya migomba ya kijiji chake. Wazo zuri, sikatai. Alikuja na daftari na simu, simu akaiweka juu ya mkeka.

"Shikamoo, bibi. Naomba nirekodi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hiyo simu isinichoshe tu, mimi sikimbii."

Restituta alizungumza mchana kutwa. Wazee wengine nao walihojiwa, lakini wote walimwambia yale yaliyobaki akamwulize Restituta. Jovina akashukuru, akabusu mikono ya kila mtu, akarudi chuoni.

Huko chuoni wana programu za akili mnemba, zile ambazo unaziandikia swali nazo zinakuandikia ukurasa. Jovina alinieleza baadaye jinsi ilivyokuwa, na sina sababu ya kumwita mwongo. Muda ulikuwa umembana. Maelezo yake aliyoyaandika kwa mkono yalikuwa ya vipande vipande. Akaiwekea programu vipande vyote, pamoja na majina ya koo na ya waanzilishi wa kila mji, akaiambia iyafanye maneno ya wahojiwa yawe wazi na kamili. Ikafanya. Pale Restituta aliposema "Aliyetutangulia", programu haikujua ni nani, ikatafuta jina kwenye vile vipande, ikalikuta, ikaliweka. Jovina akasoma haraka, akaona Kiswahili kimenyooka kuliko chake, akafurahi. Kisha akafuta sauti zote ili simu ipate nafasi.

Zamani ukoo ulipotuma mshenga kwenda kuposa, hakutoka mlangoni kabla hajayarudia maneno yote mbele ya waliomtuma. Akikosea neno moja, walimketisha aanze upya. Akirudi na jibu, waliomtuma walimuuliza: walisema hivyo, au wewe ndiye unayesema hivyo? Niliwaona washenga watu wazima wakitoka jasho kwa swali hilo. Leo mshenga anatuma ujumbe wa simu na vikatuni vya kucheka.

Chuo kinawataka wanafunzi warudishe matokeo kwa waliohojiwa, na kwa hilo nakisifu. Jovina akaja na nakala zilizopigwa chapa, akaiacha moja ofisi ya kijiji na moja kwa Venance, halafu akatusomea kwenye ukumbi wa kigango. Alisoma vizuri. Alipofika sehemu ya mji wa Venance, akasoma:

"'Baba mkwe wangu Celestini ndiye aliyefyeka pori hili kwa mikono yake. Celestini alikuwa mtu mkali lakini mwenye haki.' Hayo ni maneno ya Bibi Restituta."

Wanawake wa ukoo waliinamisha vichwa. Celestini wa dukani, ambaye siku nyingine angepata la kusema, alijifanya anafunga kiatu.

Restituta alisimama. "Jovina, mjukuu wangu, rudia."

Jovina akarudia, huku anatabasamu. Alidhani amesifiwa.

"Hayo nimeyasema mimi?"

"Ndiyo, bibi. Ulivyonieleza siku ile pale mkekani."

Restituta akaketi.

Mimi shule sikumaliza. Nilijifunza kusoma kwa magazeti yaliyofungia sabuni, na kitu kimoja nilichojifunza mapema ni zile alama mbili zinazofungua na kufunga maneno ya mtu. Nilielewa kwamba ndani yake hakuna mwingine anayeruhusiwa kuingia. Ni kama kitanda cha mtu. Niliiomba ile nakala nikatazama: alama zilikuwepo, za kufungua na za kufunga, na ndani yake alikuwa amelala mgeni.

Jioni ile Jovina alielezwa na mama yake alichokifanya. Akachukua daftari lake la vipande, akaona alichoandika kwa mkono wake mwenyewe: "Aliyetutangulia". Akalia, akakimbia kwa Venance. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, ukoo ukakaa kusikiliza, na sisi majirani tukaitwa.

"Baba, bibi hakulitaja," Jovina alisema. "Liliingizwa na programu. Kosa ni langu, sikulinganisha."

"Juzi mbele ya watu ulisema alilitaja," Venance akajibu. "Leo hakulitaja. Kesho utasemaje?"

"Nilisema bila kuangalia, baba."

"Basi tuwekee sauti yake, tumsikie."

"Nilifuta."

"Umefuta." Venance alitikisa kichwa. "Mwanangu, una huruma. Unamtetea bibi yako. Lakini kitu kimepigwa chapa, na kimekwenda chuo kikuu."

"Daftari langu hili hapa! Soma!"

"Kalamu unayo wewe. Hata hili ungeweza kuliandika jana."

Venance si mtu mbaya. Ni mtu aliyefundishwa kwamba kilichopigwa chapa kimetolewa jasho na mtu anayejua. Sote tulifundishwa hivyo. Nilitaka kusema, lakini jirani hana neno kwenye kikao cha ukoo, na hilo pia ni la zamani, nalo nililitii. Uamuzi ukawa ule wa desturi: Restituta atengeneze pombe ya ndizi, ailete mbele ya wazee, aombe radhi kwa Aliyetutangulia.

Jovina alirudi chuoni akamweleza msimamizi wake, Daktari Felisita. Naye hakumpigia kelele. Alimwambia kwamba chuo hakikukataza hizo programu: zitumike kupanga kazi na kurekebisha lugha, mwanafunzi aseme wazi alipozitumia, na kila neno la mtu alirudishe kwa mwenyewe kabla halijatoka mkononi mwake. Utafiti ukaondolewa. Jovina akaambiwa arudie, na wenzake wakahitimu bila yeye. Daktari aliandika barua kwa ukoo kueleza yote. Venance aliisoma, akasema ni barua nzuri, lakini ndizi zimekwisha kukamuliwa.

Siku ya pombe Restituta alivaa kitenge kipya. Alitua mtungi, akapiga magoti. Kwa desturi, anayeomba radhi huulizwa na mkubwa wa ukoo, naye hujibu kwa mdomo wake.

"Shemeji, umekosa nini?" Venance akauliza.

Kulikubali kosa kulitaka aseme ametaja jina. Kulikataa kulitaka aukatalie ukoo mbele ya pombe.

"Nimeambiwa nimekosa," akasema.

"Sema ulichokosa, tukusamehe."

"Mimi, shemeji, nimeambiwa. Walioniambia ndio wanaojua."

Wazee walitazamana. Mmoja akakohoa. Mwishowe Venance akachukua mrija, akanywa, na wengine wakanywa, jambo likahesabiwa limekwisha. Mtungi ulipofika nusu, Venance mwenyewe aliinuka akakisogeza kile kiti karibu na wazee, akakipangusa kwa kiganja.

"Rudi mahali pako, shemeji."

"Asante. Hapa panatosha," Restituta akasema, akaketi kwenye jamvi pamoja na wake wadogo wa ukoo. Mpaka leo anakaa hapo. Vijana wakiuliza habari za mji anawaambia wakamwulize Venance, na Venance anajua nusu.

Jovina alirudi miezi michache baadaye kuanza upya. Safari hii simu aliiacha kwao. Alikuwa na daftari jipya na kilo mbili za sukari, akamwamkia bibi kwa magoti. Restituta alimpokea kwa mikono miwili. Akampa ndizi za kuchoma, akauliza mama yake anaendeleaje na mgongo, akamuuliza kama chuoni kuna baridi.

"Bibi, nimekuja ili nikiandika neno lako nikusomee hapo hapo," Jovina akasema. "Likiwa si lako, ulifute wewe mwenyewe."

"Umefanya vizuri, mjukuu wangu."

"Basi tuanzie pale mji ulipoanzishwa."

Restituta alitazama shambani. "Migomba ile ina majani makavu mengi," akasema. "Ngoja nikayatoe kabla jua halijawa kali." Akachukua kisu akaenda. Jovina akaliweka daftari chini, akamfuata, wakafanya kazi mpaka adhuhuri, na hapakuwa na neno la kuandika.