Nilivyopata Mke kwa Muvi ya Kutisha Kule Ziba

Umeshawahi kuona watu mia na ushee wanahama na mabenchi yao katikati ya muvi?

Mimi nimeona. Tena mimi ndiye nilikuwa nimeshika maiki, natafsiri, na lugha yenyewe siijui.

Naitwa Wilbroad. Nina banda la video Ng'ambo, hapa Tabora mjini. Kazi yangu ni kutafsiri muvi laivu. Mchina akifungua mdomo, mimi naongea. Kichina sijui, Kihindi sijui, na Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Lakini hakuna mteja aliyewahi kuniambia nimekosea, maana wote tuko darasa moja.

Sasa kuna binti anaitwa Gaudensia, kwao Ziba, wilaya ya Igunga. Amesoma chuo Mwanza, akarudi kufundisha chekechea ya kigango chao cha kanisa. Nilimpenda, akanipenda, nikapeleka barua ya posa.

Barua ikakaa miezi saba kwenye kopo la majani ya chai kwa baba yake, Mzee Mathias. Haikukataliwa. Haikujibiwa.

Tatizo lilikuwa mjomba. Kwenye ukoo wao posa haijibiwi mpaka mjomba wa binti aketi. Na huyo mjomba, Eustace, alikuwa hajakanyaga kwa Mzee Mathias miaka kumi na moja.

Kisa ngoma.

Mzee Mathias anaongoza Wagika, Mjomba Eustace anaongoza Wagalu. Kama hujawahi kuona mashindano yao, ni hivi: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na watazamaji wanahamia kwa yule anayewakosha. Mwenye watu wengi ndiye mshindi.

Mwaka huo watu walikuwa wanamiminika kwa Eustace. Ghafla goti likamgomea, akaenda chini puu. Watu wakarudi kwa Mathias. Tangu siku hiyo Eustace anasema shemeji yake alifukia dawa uwanjani. Mathias anasema dawa haijui, yeye ni Mkatoliki.

Gaudensia aliwahi kuninong'oneza ukweli wake. "Mjomba goti lilishapona. Baba alimcheka mbele za watu. Hicho ndicho kinachomuuma mpaka leo."

Nikakiweka moyoni.

Ikafika sikukuu ya somo wa kigango. Wagika wanataka kucheza, Wagalu wanataka kucheza. Padri akasema hapana, hataki ngumi kwenye sikukuu ya mtakatifu, bora ionyeshwe muvi. Gaudensia ndiye katibu wa vijana, akasema anamjua mtu.

"Lete muvi ya wacheza ngoma," akaniambia kwenye simu. "Hawa wazee wawili watakuwa chumba kimoja kwa mara ya kwanza. Wakifurahi, barua yetu inatoka kwenye kopo. Ukiharibu, baba ataiwashia moto."

Nikaenda kwa Selemani, anauza muvi kwenye flashi palepale Ng'ambo. Nikamwambia nataka muvi ya wacheza ngoma.

"Wa wapi?"

"Popote. Wacheze tu."

Akachimba kwenye kompyuta yake akapata moja. Picha ya mbele, mabinti wamevaa magauni mekundu, mikono juu. "Hii wanacheza mwanzo mwisho," akasema. "Ipo vipande viwili."

Niliiangalia kabla? Sikuiangalia. Mimi fundi bwana, mafundi hawaangalii.

Siku yenyewe nikafika ukumbi wa kigango na projekta yangu. Madirisha yamezibwa kwa maturubai, saa kumi alasiri lakini ndani giza. Upande wa kushoto Mzee Mathias na Wagika wake. Kulia Mjomba Eustace na Wagalu. Mstari wa mbele Bibi Imakulata, mama yake Eustace na mama mkwe wa Mathias, amekaa na mkongojo wake. Pembeni yake Mwalimu Renatus wa shule ya msingi, ana daftari na kalamu. Nikajiuliza, daftari la nini?

Jenereta ikaanza kukohoa. Nikamwachia Gaudensia laptopu ailinde, nikatoka nje kuweka mafuta. Niliporudi kila kitu kiko tayari. Nikabonyeza kipande cha kwanza, nikashika maiki.

"Mabibi na mabwana, karibuni kwenye muvi ya burudani."

Burudani. Nilisema burudani, wadau.

Picha ya kwanza, jumba la mawe huko kwenye theluji. Mabinti wanacheza, hakuna muziki hata kidogo, unasikia pumzi zao tu na miguu inavyopiga mbao. Nyuso zimewakauka. Kuna wanawake wawili watu wazima wanawasimamia, mmoja mrefu, mmoja mfupi, wamefanana. Nikawabatiza hapohapo dada wawili. Kila dada ana kundi lake, na hawaangaliani.

"Hawa wana mashindano," nikasema.

Ukumbi mzima ukaguna. Hapo wakaelewa muvi kuliko mimi.

Wagika wakamchukua Dada Mrefu. Wagalu wakamchukua Dada Mfupi. Na kila binti akizunguka vizuri, watu wanabeba benchi wanahamia upande huo. Nilikuwa natafsiri huku nakwepa mabenchi.

"Shule kubwa hivyo," Bibi Imakulata akasema kwa sauti, "na watoto viatu vimetoboka vyote."

Kweli vilikuwa vimetoboka, vidole nje.

Kisha mambo yakaanza kuharibika. Binti mmoja akaanguka na hakuamka. Wenzake wakamruka wakaendelea kucheza. Akaanguka wa pili. Damu zikaanza kutoka puani. Mama mmoja akatoka mbio akaacha ndala, akarudi kuchukua ndala, akaganda mlangoni mpaka mwisho. Mwingine alitoa rozari. Nyuma vijana wanasema hii kali, baba mmoja anasema huu ni ushetani, zimeni. Mwalimu Renatus anaandika.

Na mimi? Jasho linanitoka mpaka maiki inateleza. Nikamtafuta Gaudensia, nikamwona kasimama ukutani, katulia kabisa.

Halafu ikaja ile picha. Dada Mrefu, peke yake, anainua ubao wa sakafu, anaweka kifurushi chini yake, anarudisha ubao. Picha iliyofuata, binti wa Dada Mfupi anafika kwenye ubao uleule, na goti lake linapinda kwenda nyuma.

Hakuna benchi lililohama tena.

Mjomba Eustace akasimama. "Si nilisema," akasema taratibu. "Miaka kumi na moja nasema. Leo wazungu wamewaonyesha."

Mzee Mathias naye akasimama. "Unaniita mchawi kwenye nyumba ya kanisa?"

"Sijakuita mimi. Umeonekana kwenye ukuta pale."

Wagika wakainuka, Wagalu wakainuka. Kwenye ukuta mabinti wote wako chini, wale dada wamegeuziana migongo. Majina yakaanza kupanda kwenye skrini. Majina, katikati ya muvi. Nikajua barua yangu imeshakuwa majivu.

"Haya ni mapumziko," nikatangaza. "Kaeni, kuna kipande cha pili."

"Mnaona?" Mwalimu Renatus akawageukia watu. "Mwongozaji anatuambia mwisho siyo mwisho. Hii ni falsafa nzito."

Sikumwelewa, ila watu walikaa kwa sababu ni mwalimu. Nikabonyeza kipande cha pili huku nasali.

Ndugu yangu, wale mabinti wote wakatokea wazima.

Wanashuka kwenye basi na mabegi, wanacheka, wanakumbatiana. Yule wa goti anakimbia kwenye ngazi. Ukumbi ukashusha pumzi kwa pamoja. "Wamefufuka," mama wa rozari akasema, akaanza kulia.

Halafu mafundi wakaingia na nyundo, wanapiga mbao mpya za sakafu. Nikaona hapahapa, liwalo na liwe.

"Wameng'oa sakafu yote ya zamani," nikasema. "Wanaweka mpya. Haina kitu chini."

Wale dada wawili wakatokea jikoni. Wamekaa karibu, wanakunywa chai kikombe kimoja. Dada Mrefu akafungua mdomo. Alichokisema mpaka leo sikijui. Nilichokisema mimi ni hiki:

"Mdogo wangu, dawa sikuweka. Ila siku ile ulipoanguka, nilikucheka. Nilikucheka mbele za watu, na sijawahi kukuomba radhi. Hilo ndilo kosa langu."

Sikuwa natafsiri tena, nilikuwa naomba mke.

Watu hawakuangalia ukuta tena. Walimwangalia Mzee Mathias. Kisha akainuka, akakatisha ukumbi, akavuka mabenchi yote mpaka upande wa Wagalu.

"Eustace," akasema. "Nilicheka."

"Ulicheka sana," Mjomba Eustace akajibu.

"Nilicheka sana. Nisamehe, shemeji."

Wakashikana mikono, hawakuachiana. Wazee wawili wanalia, Wagika na Wagalu wanalia, na mimi nalia ndani ya maiki, sauti inatoka kwenye spika zote mbili.

Muvi ikakatika ghafla, binti kainua mguu mmoja hajaushusha. Mwalimu Renatus akapiga makofi mpaka daftari likaanguka. "Ameacha mguu hewani makusudi," akasema. "Tumalizie wenyewe majumbani."

Bibi Imakulata akainuka na mkongojo wake. "Wanajitahidi," akasema, "ila miguu hawana." Akaenda zake.

Jumapili iliyofuata Mjomba Eustace aliketi kwa Mzee Mathias, akala, akaongezewa. Kopo likafunguliwa. Barua ilikuwa inanukia majani ya chai, ila ilisomeka. Nikajibiwa ndiyo.

Sasa sikia.

Nikiwa Ng'ambo nikasema ngoja niiangalie kwa utulivu hii muvi iliyonipa mke. Nikabonyeza. Nikaangalia yale majina yanayopanda katikati. Nikaangalia mabegi, basi, sakafu mpya.

Nilikuwa nimeanza na kipande cha pili.

Hakuna aliyefufuka. Hakuna aliyepatana. Wanafika wazima, wanapendana, halafu wanakwisha wote, na wale dada wanaishia kugeuziana migongo. Ile chai ndiyo ilikuwa mwanzo wa balaa.

Nikampigia Gaudensia. "Gaude, nimewadanganya wazee. Nimeonyesha ya mwisho kwanza. Niende nikamwambie baba?"

"Hukukosea wewe. Nilibadilisha mimi."

"Ulibadilisha nini?"

"Majina ya vile vipande, ulipoenda kuweka mafuta. Ile muvi niliiona hosteli, Mwanza. Wenzangu walilala na taa wiki nzima, nusu wanasema ni nzuri ajabu, nusu wanataka kumpiga aliyeileta. Nilipoiona kwenye laptopu yako nikajua tumeshachelewa. Watu wameshakaa, padri kashafungua kwa sala. Nikaona kama lazima waone vifo, basi waone mapema, waondoke na ile chai."

"Sasa si ungeniambia?"

"Nikuambie? Wewe ukijua kitu unakosa raha, unasimulia kama unasoma tangazo la msiba. Usipojua ndiyo unasimulia vizuri."

Na ni kweli.

Tukakubaliana hiyo siri ni yetu wawili. Tukafunga ndoa. Siku ya harusi Wagika na Wagalu walicheza uwanja mmoja, Mjomba Eustace akaruka na lile goti lake, na Mzee Mathias akawa wa kwanza kuhamia upande wake. Mwalimu Renatus alitoa hotuba ya dakika arobaini kuhusu ule mguu hewani.

Nilipokwenda kumsalimia Bibi Imakulata nikapiga goti. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu." Akanivuta sikio karibu na mdomo wake. "Ile muvi yako ulianzia nyuma."

"Bibi, umejuaje?"

"Mwanzo viatu vimetoboka, mwisho viatu vipya. Mimi nimezaa wacheza ngoma, nimeolewa na mcheza ngoma. Tangu lini kiatu kikawa kipya kwa kuchezewa?"

"Sasa mbona hukusema?"

Akaniangalia kama anaangalia mtoto aliyemwaga uji.

"Mwanangu na mkwe wangu wanaombana radhi baada ya miaka kumi na moja," akasema, "halafu mimi nisimame nizungumzie viatu?"

Basi, wadau, funzo ninalo moja tu. Muvi iangalie kabla hujaionyesha, na ukishindwa, oa aliyeiangalia. Lakini ukiona watu wamepatana kwa sababu isiyo sahihi, fanya kama Bibi, nyamaza ule pilau.

Na baba mkwe, kama hii imekufikia huko Ziba: shikamoo baba. Ile chai waliinywa kweli.