Kwenda Kotile kwa Tumbo Tupu

Tuliondoka Garissa kwa sababu mama yake Hassan alikuwa hoi Kotile. Habari ilikuja kwa simu ya upepo ya ofisi ya chifu: mama amelala, haonji chochote, anamwita mwanawe. Ilikuwa mapema mwaka 1998. Mvua kubwa zilikuwa zimekatika juzijuzi, barabara ya kusini imeliwa na maji, na malori hayapiti. Mimi na Hassan tulifundisha shule moja, na kila mmoja alikuwa na baiskeli. Sikuweza kumwacha aende peke yake.

Alfajiri, mtaa wa Waberi. Nilipika uji mzito wa mtama, nikala pamoja na mayai na anjera, ile mikate laini ya Kisomali. Nimekulia Taita, na huko baiskeli ilinifunza kuwa mlima hupandwa kwa ulichokula asubuhi. Hassan alionja chai ya rangi, akaweka kikombe chini.

"Kula, Hassan. Njia ni ndefu."

"Hooyo hali kitu, mwalimu. Mimi nitameza vipi?"

Hooyo ni mama kwa Kisomali.

Asubuhi yote alikuwa mbele yangu, akikanyaga pedali kama mtu anayefukuzwa. Penye matope tulibeba baiskeli mabegani. Kando ya njia mizoga ya mbuzi ilinuka, maana mafuriko na maradhi yaliyofuata hayakuwa yamesaza boma lolote. Jua lilipopanda alianza kuyumba. Nilimfikia, nikaona jasho la baridi usoni pake na midomo inayotetemeka. Kabla sijamwambia tupumzike, baiskeli iliingia kwenye miiba naye akabaki chini.

Nilimwinua, nikamkokota, na adhuhuri tukafika manyattani kwa mama mmoja mfugaji, Halima, aliyebakiwa na ngamia mmoja tu wa maziwa. Alimpa Hassan maziwa na tende. Akatapika, akapewa tena. Alijaribu kusimama, akaanguka tena.

"Leo hakuna safari," Halima akasema. "Huyu hajakula?"

"Mama yake ni mgonjwa, hali chakula, naye amekataa kula," nikamjibu.

Akamgeukia Hassan. "Kijana yangu, hii mwili ni mama yako alikupa. Kwa nini unaadhibu?"

Hassan alilia, akiitazama njia. Tukalala hapo.

Kesho yake Halima alitupa maziwa mengi na anjera za moto zenye samli. Hassan alikula kama anayemeza dawa, nasi tukaenda vizuri, bila kuanguka, bila kusimama sana.

Alasiri tuliingia Kotile. Wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, udongo bado mikononi. Mama alikuwa amezikwa baada ya sala ya adhuhuri.

Mama mdogo wa Hassan alimkumbatia muda mrefu.

"Alisema nini?" Hassan akauliza.

"Jana tulimwambia uko njiani. Jioni akaomba maziwa. Alisema, 'Nipeni kidogo, nipate nguvu ya kumngoja.'"

Hassan alichuchumaa mchangani, mikono kichwani.

Tulirudi baada ya matanga. Asubuhi ya kuondoka walimletea anjera, nyama ya kukaanga na chai ya maziwa. Alikula chote bila kuambiwa, machozi yakimdondokea sahanini. Njiani alikuwa mtulivu, mara nyingi akinisubiri mimi. Tulipoanza kuona mabati ya Garissa, akashuka.

"Leo miguu ilikuwa mizuri, mwalimu," akasema. Ndipo akalia kwa sauti, ameushika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili.

Tangu hapo, nikienda kwenye nyumba yenye mgonjwa au msiba, sitoi pole nikaenda zangu. Nabeba uji. Nakaa karibu na yule aliyekataa chakula, hata akinikasirikia, hadi anywe kikombe kimoja. Anayempenda mgonjwa ana safari ndefu kuliko anavyojua.